Sharti, Yapasa au Yafaa? Kanuni za Vyombo vya Presha na Lugha ya Wanaovitumia

Mtungi wa gesi wa kilo 6 unaouzwa katika soko kama la Kanyangi, Kaunti ya Kitui, una maandishi ambayo aghalabu hayasomwi na mtu. Si yale ya nembo ya kampuni yaliyopakwa rangi. Ni yale yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe, karibu na shingo ya mtungi: herufi mbili tatu za Kiingereza zilizofupishwa, pamoja na tarakimu kadhaa. Tarakimu hizo hueleza uzito wa mtungi ukiwa mtupu, kiasi cha maji unachoweza kubeba, presha uliyopimiwa na wakati ulipokaguliwa. Mnunuzi hutazama rangi, huuliza bei, huufunga mtungi nyuma ya pikipiki akaenda zake. Muuzaji naye, mara nyingi, hajui zaidi ya mnunuzi.

Kujua kungewafaa wote wawili. Iwapo uzito mtupu uliogongwa ni kilo 7.2, kwa mfano, mtungi uliojazwa sawasawa hauna budi kufikisha kilo 13.2 kwenye mizani. Ukipungua, mnunuzi amepunjwa. Ukizidi, jambo ni zito kuliko kupunjwa, kwani gesi hiyo imo mtungini ikiwa umajimaji, na umajimaji huo hutanuka kwa joto. Ndiyo sababu mtungi haujazwi pomoni bali huachiwa takriban sehemu moja kwa tano ya nafasi yake. Katika nyanda kavu za Kitui, mtungi uliojazwa kupita kiasi na wajazaji wa magendo, kisha ukaanikwa juani mbele ya duka, si kitu cha kuchezea.

Maandishi yale machache ni ncha tu ya matini ndefu mno. Nyuma yake kuna kanuni za usanifu wa vyombo vya presha na mabomba: maelfu ya kurasa zinazoamua ni chuma gani kitumike, bamba liwe na unene gani, mshono uchomelewe na nani na ukaguliwe vipi, na chombo kijaribiwe kwa namna gani kabla ya kukabidhiwa mtumiaji. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wamezama katika tenzi, riwaya, tamthilia na fonolojia, na wamefanya vyema. Matini hii wamewaachia wahandisi. Makala haya yanashikilia kwamba kuiacha ni kosa, kwa kuwa pindi kanuni hizi zinapofika mikononi mwa mtu wa Kanyangi, tatizo lake la kwanza ni la lugha. La hesabu huja baadaye.

Kanuni zenyewe zimetokana na vifo. Tarehe 27 Aprili 1865 boila za meli ya mvuke iitwayo Sultana zililipuka katika Mto Mississippi, Marekani, na watu zaidi ya 1,000 wakaangamia, wengi wao wakiwa askari waliokuwa wamefunguliwa tu kutoka kambi za wafungwa wa vita. Miaka 40 baadaye, tarehe 20 Machi 1905, boila ya kiwanda cha viatu mjini Brockton, jimbo la Massachusetts, ililipuka na kuua watu 58. Jimbo hilo likatunga sheria ya boila mwaka 1907. Majimbo mengine yakafuata kila moja kwa njia yake, hata boila iliyokubalika hapa ikawa haramu pale. Ndipo Chama cha Wahandisi Mitambo cha Marekani, kilichokuwa kimeasisiwa mwaka 1880, kilipoandaa kanuni moja, toleo la 1914, lililochapishwa mwaka 1915. Kanuni za mabomba yenye presha zilifuata mwaka 1935. Uingereza ilikuwa na zake, na Ulaya nayo ikaja na zake.

Msomaji asidhani kwamba hayo yote ni ya ng'ambo. Kwa miongo mingi treni za mvuke zilikuwa zikipita Makindu na Kibwezi. Injini za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilikuwa na boila za presha ya ratili 225 kwa kila inchi mraba. Ukambani umeishi na vyombo vya presha tangu reli ilipofika.

Wazo lililomo ndani ya kanuni hizi ni sahili kuliko wingi wa kurasa zake. Unene wa ukuta wa chombo cha mviringo hupatikana, ukiacha marekebisho madogo, kwa kuzidisha presha kwa nusu kipenyo, kisha kugawa kwa mkazo ambao chuma kinaruhusiwa kubeba. Uzito wa jambo uko katika neno hilo 'kinaruhusiwa'. Chuma hakiachwi kibebe mkazo wote kinaouweza. Kanuni ya 1914 iliigawa nguvu ya chuma kwa 5. Baadaye kigawanyo kikawa 4, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kikashushwa hadi 3.5 kwa vyombo vya kawaida, kwa kuwa ujuzi wa vyuma na njia za ukaguzi ulikuwa umeimarika. Tarakimu hiyo, kwa hakika, ni kipimo cha yale ambayo binadamu hayajui: kila ujuzi ulipoongezeka, ilipunguzwa.

Mshono nao hauaminiwi kama bamba. Mshono wa kukutanisha mabamba, uliochomelewa pande zote mbili na kupigwa picha za eksirei kwa ukamilifu, huhesabiwa kuwa na nguvu sawa na bamba zima. Uliopigwa picha sehemu sehemu tu huhesabiwa asilimia 85. Ambao haukupigwa kabisa, hata uwe umechomelewa na fundi bingwa, huhesabiwa asilimia 70, na hivyo bamba lake sharti liwe nene zaidi. Kwa maneno mengine, kanuni humtoza fundi chuma cha ziada kwa kila jambo asilolithibitisha. Juu ya hayo huongezwa unene wa kuliwa na kutu, na vali ya usalama inayofunguka yenyewe presha inapovuka mpaka.

Kisha kuna jaribio. Chombo hujazwa maji na kupandishwa presha hadi kiasi cha mara 1.3 ya presha ya juu kitakayoruhusiwa kufanyia kazi. Kwa nini maji wala si hewa? Maji hayagandamiziki kwa urahisi, kwa hiyo chombo kikipasuka, maji humwagika na mambo yakaishia hapo. Hewa iliyogandamizwa hukaa kama upinde uliovutwa. Chombo kikipasuka, vipande vya chuma huruka. Fundi wa pancha anayenunua kompresa iliyotumika, akachomelea kiraka kwenye tangi lake mahali palipoliwa na kutu, kisha akalijaribu kwa hewa ileile, amevunja kanuni kadhaa kwa mpigo bila kujua kwamba zipo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Bali hapa hata namna ya kuziba ufa ina sheria yake, na fundi huyo hajapata kuambiwa.

Sheria Kenya haikukosa. Sheria ya Viwanda ya enzi za ukoloni ilianza kutumika mwaka 1951, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Sheria hii inataja boila, matangi ya mvuke na matangi ya hewa. Inataka yawe na vali ya usalama na geji, presha ya juu inayoruhusiwa ionyeshwe waziwazi, na ukaguzi ufanywe kila baada ya muda uliowekwa na mtu aliyeidhinishwa. Imeandikwa kwa Kiingereza. Miaka mitatu baadaye, Katiba ya 2010 ilitamka katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kati ya tamko hilo na tangi la kompresa kando ya barabara ya vumbi, pengo lingali pana.

Upana wa pengo hilo ulionekana ng'ambo ya Mto Athi, katika kaunti jirani ya Makueni. Bomba la kwanza la kusafirishia mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, lenye kipenyo cha inchi 14 na urefu wa takriban kilomita 450, lilianza kazi mwaka 1978. Mnamo Mei 2015 iligunduliwa kwamba lilikuwa likivuja katika bonde la Mto Thange, huko Kibwezi. Maji ya mto na ya visima yakachafuka, mashamba yakaharibika, na wakulima waliokuwa wakitegemea maji hayo wakabaki mikono mitupu. Bomba jipya la inchi 20 lilikamilika mwaka 2018. Mwaka 2025, miaka kumi baada ya mkasa, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi.

Haitakuwa haki kudai kwamba tafsiri ya Kiswahili ingeliokoa bomba hilo. Kutu haisomi. Lakini baina ya harufu ya kwanza na kufungwa kwa vali kuna muda, na muda huo hutegemea watu: nani amenusa, anajua kilichomo ardhini, anajua amwite nani, na je, akisema ataaminiwa? Kanuni za mabomba zenyewe humhesabu jirani kuwa sehemu ya ulinzi. Zinataka nguzo za alama zisimamishwe juu ya njia ya bomba na wakazi waelimishwe. Marekani imekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2005, kanuni za serikali yake kuu kuhusu mabomba ya mafuta zinamlazimu mwenye bomba awaelimishe wakazi kwa Kiingereza na pia kwa lugha nyingine zinazoeleweka na idadi kubwa ya watu wasiozungumza Kiingereza katika eneo lake. Yaani katika nchi ambayo Kiingereza ndicho kilichotawala, wahandisi na watunga sheria walikubaliana kwamba lugha ni kifaa cha usalama kama ilivyo vali. Wahandisi wa Kenya hufundishwa kanuni za Marekani na Uingereza. Ajabu ni kwamba katika kuzirithi, fundisho hili la lugha halikupewa uzito uleule uliopewa unene wa bamba.

Mifano mingine haihitaji kurefushwa. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka mfumo wa mabomba na kuingia katika mtaro wa maji machafu mtaani Sinai, Nairobi. Watu walikimbilia kuichota, moto ukalipuka na zaidi ya 100 wakafa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Embakasi, ikaua watu na kujeruhi mamia. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli ilieleza baadaye kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa, kwani michoro haikutimiza viwango na watu walikuwa wengi karibu. Ofisi ilijua, mwombaji alijua. Jirani aliyelala upande wa pili wa ukuta ndiye asiyejua, wala hapakuwa na ubao wa kumwambia kwa lugha anayoisoma. Na jirani ndiye mkaguzi pekee aliyeko usiku na mchana.

Hata hivyo, kusema 'tafsirini' ni rahisi. Ugumu uko ndani ya sentensi, na hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana la kusema ambalo mhandisi hana. Kanuni za Kiingereza hutofautisha kwa ukali maneno matatu: 'shall' kwa lililo lazima, 'should' kwa ushauri, na 'may' kwa ruhusa. Kiswahili kina ghala kubwa zaidi: sharti, lazima, hapana budi, yabidi, yapasa, yatakiwa, yafaa, ni vyema. Wingi huu, ambao ni neema kwa mtunzi wa mashairi, ni mtego kwa mwandishi wa kanuni. 'Yapasa' kwa msikilizaji mmoja ni wajibu, kwa mwingine ni nasaha. 'Inafaa' nayo imepanuka katika mazungumzo ya Kenya: mwalimu anapotangaza kwamba inafaa wanafunzi wafike saa moja, hakuna anayedhani amepewa hiari, lakini fundi akiandikiwa kwamba inafaa vali ikaguliwe kila mwaka, atasoma ushauri wa hiari na kuendelea na kazi. Hata dhamira tegemezi haitoshi. 'Fundi akague vali' ni amri, na ni umbo lilelile la 'Mola akulinde', ambalo ni dua.

Ukanushi ni hatari zaidi. Mfasiri akiisha kuamua kwamba 'shall' ni 'sharti', kisha akakutana na 'shall not', atashawishika kuandika 'si sharti'. Sentensi inayokataza vali ya usalama isizibwe itageuka kuwa 'si sharti vali izibwe', yaani kuiziba si lazima, lakini mwenye kutaka na azibe. Katazo limekuwa ruhusa kwa kubadilika silabi moja. Kosa la namna hii katika tafsiri ya riwaya humharibia msomaji ladha. Katika boila, humharibia uhai.

Maoni yanayoelekea kuwa bora ni kwamba matini za kanuni zijifunge kwa maneno machache yasiyobadilika: 'sharti' kwa lililo lazima, 'ni marufuku' kwa lililokatazwa, 'yafaa' kwa ushauri, 'yaruhusiwa' kwa hiari, na 'yapasa' litupwe nje ya matini hizi kabisa, hata kama sikio linalipenda. Uamuzi huo ungefaa ufanywe kwa pamoja na wenzao wa Tanzania, ambako tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama. Ingekuwa aibu mtungi mmoja ukivuka Namanga ubadilishe lazima yake iwe nasaha.

Istilahi ni mjadala unaopendwa sana vyuoni, pengine kupita kiasi chake. Kwa kinachozungumziwa hapa kuna 'kanieneo', lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, na kwa hivyo linabeba maana ya kisayansi barabara. Kuna 'shinikizo', ambalo wanahabari wameshalipeleka kwenye siasa. Kuna 'mgandamizo'. Na kuna 'presha', neno la gereji, la duka la gesi, na pia la zahanati. Mwanafizikia ana haki ya kanieneo lake darasani. Lakini kwenye kibandiko kinachogandishwa juu ya tangi la kompresa, neno ni presha. Anayeandika jingine hapo anajiandikia mwenyewe. 'Chombo' pia kina utata wake, kwani kwa mtu wa pwani chombo huenda na tanga. 'Bomba' lenyewe ni mgeni kutoka Kireno, ambako maana yake ni pampu, na hakuna aliyedhurika kwa ugeni huo.

Kuna wanaopinga, na hoja zao hazidharauliki. Kanuni hizi ni maelfu ya kurasa, zina hakimiliki, huuzwa ghali na hurekebishwa kila baada ya miaka michache. Anayeketi kuzitafsiri zote atamaliza toleo ambalo limeshapitwa na wakati. Aidha, mhandisi anayekokotoa unene wa bamba anajua Kiingereza, na hahitaji msaada. Yote ni kweli. Ila wanaohitaji Kiswahili si wakokotoaji. Ni mchomeleaji, muuzaji wa mitungi, mpishi wa shule ya bweni, mwenye kompresa na mkulima ambaye bomba limepita chini ya mihogo yake. Hawa hawahitaji maelfu ya kurasa. Wanahitaji ukurasa mmoja kila mmoja, ulioandikwa na mtu anayeijua kanuni na anayejua Kiswahili.

Mahali pa kuanzia hapakosekani. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, katika eneo-bunge lilelile la Kitui Rural lilimo Kanyangi. Matini tatu zingetosha kwa mwanzo: maelezo ya tarakimu za mtungi wa gesi, kibandiko cha tangi la kompresa, na ilani kwa wanaoishi kando ya bomba. Kila moja ipitiwe na mhandisi kwanza. Kisha ifanyiwe jaribio kama chombo kinavyofanyiwa, yaani ipandishwe presha kabla ya kutumika: apewe fundi wa sokoni asiyehusika na kazi hiyo, aisome, aiweke chini, kisha aulizwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoambiwa afanye. Akijibu kwamba 'wanasema ni vizuri kuangalia vali mara kwa mara', tafsiri imevuja, na irudishwe mezani.